Nguvu za Mwili Si Mali ya Mabaunsa

Jumamosi alfajiri, kabla jua halijachomoza sawasawa, barabara nyingi za Dar es Salaam zinakuwa za wakimbiaji. Klabu za jogingi zinapita zimevaa fulana za rangi moja, kiongozi anaanzisha wimbo na wenzake wanaitikia. Ni jambo la kujivunia. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mwaka huohuo Kigali ilianza kufunga baadhi ya barabara zake kwa magari siku za Jumapili ili watu watembee, wakimbie na waendeshe baiskeli. Kenya ndiyo usiseme. Katika ukanda wetu kukimbia kumekuwa jambo la watu wote: la karani na la mama lishe, la mchungaji na la sheikh.

Kunyanyua vyuma hakujapata bahati hiyo. Ukitaja vyuma, watu wanamfikiria baunsa wa mlangoni kwa disko, au kijana anayejaza kifua ili fulana imkae vizuri. Mtu mzima mwenye familia akisema ameanza kunyanyua vyuma, huulizwa anajiandaa kupigana na nani. Matokeo yake tumechukua nusu moja ya ushauri wa kitabibu na nusu ya pili tumewaachia vijana wachache wa kiume.

Nusu ya kwanza tunaijua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kama kutembea kwa kasi. Nusu ya pili imeandikwa katika mwongozo huohuo: siku mbili au zaidi kila wiki, mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli yanayogusa makundi yote makuu ya misuli ya mwili. Kwa waliofikisha miaka 65, mwongozo unaongeza mazoezi ya nguvu pamoja na ya kujimudu mwili usiyumbe, siku tatu au zaidi. Mbio peke yake hazitoshi, hata ukikimbia kila Jumamosi kutoka Mwenge hadi Kawe na kurudi.

Msimamo wangu ni huu: jozi ya dambeli, vile vyuma vifupi vinavyoshikwa kwa mkono mmoja, inastahili kuwamo katika kila nyumba. Nyumba isiyo na uwezo wa kuzinunua iwe na madumu mawili ya maji kwa kazi hiyohiyo. Na wa kwanza kuzishika awe yule anayedhani hazimhusu: mama wa miaka hamsini, baba mwenye kitambi na sukari inayopanda, bibi ambaye siku hizi hainuki mpaka ashikwe mkono.

Kuinuka bila kushikwa mkono

Nenda msikitini siku ya Ijumaa, utaviona viti vimepangwa pembeni ya safu. Wengi wanaovikalia bado wana akili timamu na sauti nzito, lakini mapaja yamekataa kuwainua kutoka kwenye sijida. Nenda kanisani uone nani anabaki amekaa wenzake wanapopiga magoti. Nenda msibani, mahali watu wanapokaa mkekani, uhesabu wangapi wanaomba mkono ili wasimame. Kisha kuna choo cha kuchuchumaa, ambako heshima ya mtu mzima inategemea mapaja yake mwenyewe. Kwa mtu mzima nguvu ni hiyo: kuinuka, kupanda daladala, kushuka ngazi na mtoto mgongoni, kutua ndoo bila kutegua kiuno.

Tumezoea kusema ni umri. Umri unahusika kweli. Kuanzia miaka ya thelathini hivi, mtu asiyefanya mazoezi hupoteza takribani asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na baada ya miaka 60 kasi inaongezeka. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani Irwin Rosenberg alipendekeza hali hiyo ipewe jina la kitaalamu, sarkopenia, ili madaktari waache kuiona kuwa kitu cha kawaida kisichostahili kutibiwa. Leo kuna kipimo rahisi ambacho msomaji anaweza kukifanya kabla hajamaliza gazeti hili. Kaa kwenye kiti cha kawaida, kunja mikono kifuani, kisha simama na ukae mara tano mfululizo kwa haraka uwezavyo. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya uliorekebishwa mwaka 2018 unasema ukitumia zaidi ya sekunde 15, hiyo ni dalili kwamba nguvu za miguu zimepungua. Mpime na mama yako, kwa upole, wewe ukiwa umesimama karibu.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet uliwapima watu wazima wapatao 140,000 katika nchi 17, zikiwemo Zimbabwe na Afrika Kusini. Kila mmoja alibana kifaa mkononi ili ijulikane ana nguvu kiasi gani za kukamata, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Kila kilo tano zilizopungua kwenye mkamato ziliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa kwa sababu yoyote ile. Mkono dhaifu wenyewe hauui. Unatoa habari za mwili mzima, na habari hizo ni nzito kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Halafu kuna kisukari. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari inayotoka kwenye damu baada ya mlo, na misuli inayofanya kazi huipokea kwa wepesi zaidi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta kwamba takribani asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, na asilimia 26 walikuwa na shinikizo la damu. Hao ndio wanaoambiwa kila siku wapunguze wali na chumvi, na ni sawa waambiwe. Lakini ni wangapi wameambiwa na mhudumu yeyote kwamba wanyanyue kitu kizito mara mbili kwa wiki?

Anayesema amechelewa, nampa habari za Boston. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao katika nyumba ya kutunzia wazee. Waliwachukua wazee kumi dhaifu, wastani wa umri miaka 90, wakawafanyisha mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu zao za miguu zilipanda kwa wastani wa asilimia 174, na misuli ya mapaja ikanenepa kwa asilimia 9. Ikiwa misuli ya mtu wa miaka tisini inaitika inapoitwa, ya mtu wa miaka arobaini na tano haina udhuru.

“Mbona tunafanya kazi za sulubu?”

Hoja hii naisikia sana, hasa kutoka kwa akina mama, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Mwanamke aliyebeba maji na kuni tangu utotoni, akatwanga na kulima kwa jembe la mkono, akiambiwa anyanyue vyuma anaweza kuona anatukanwa.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Watafiti walipima hewa waliyovuta wakiwa wanatembea na mzigo. Wakakuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati yoyote ya ziada. Ni ufundi wa ajabu, uliojengwa kwa miaka mingi ya kubeba.

Lakini utafiti huohuo unatuonyesha kwa nini kazi si badala ya mazoezi. Kazi inaufundisha mwili kutumia nguvu kidogo iwezekanavyo, kwa sababu kesho kuna safari nyingine ya kisimani. Ndoo ni ileile mwaka hadi mwaka, bega ni lilelile, na mgongo haupati siku ya kupumzika. Mazoezi yanakwenda kinyume chake: unachagua mzigo unaousumbua mwili zaidi kidogo kuliko ulivyozoea, unaunyanyua kwa muda mfupi, pande zote mbili, kisha unauacha mwili upumzike na ujijenge. Kazi inatumia nguvu ulizonazo. Mazoezi yanaongeza nyingine.

Zaidi ya hapo, wengi wetu hatufanyi tena kazi hizo. Maji yanatoka bombani au kwa mwenye mkokoteni, mahindi yanasagwa mashineni, bodaboda anatufikisha hadi mlangoni, na mchana kutwa tumekaa dukani au ofisini. Tumebaki na fahari ya kazi za bibi zetu, lakini misuli yao hatunayo.

Zege, makopo na jinsia

Karibu kila mtaa wa mjini una jimu ya uani. Bomba la chuma limechomekwa makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, kila upande moja. Chuma kidogo cha mkono mmoja kimetengenezwa kwa kopo la maziwa ya unga. Benchi ni ubao uliopigiliwa juu ya magogo, umeng’aa kwa jasho la migongo. Vijana wanapeana zamu, mmoja ananyanyua na mwenzake amesimama nyuma akimhesabia. Nawaheshimu sana vijana hao. Bila kusubiri ufadhili wa mtu, wamejenga mahali pa kujenga miili.

Ila mahali hapo pana mipaka yake. Zege likishaganda, uzito ni huohuo. Huwezi kuongeza nusu kilo wala kupunguza. Mara nyingi kopo la kulia na la kushoto hayalingani, na mnyanyuaji mgeni hugundua hilo kwa kiuno chake. Tena ni mahali pa wanaume. Binti akipita, macho yote yanamfuata. Mama mzito akiingia, kazi inasimama. Ndiyo maana natetea nyumba. Sebuleni, mlango umefungwa, mkeka umetandikwa, mtu anaweza kujifunza bila kutazamwa.

Na kuna ile hofu inayowasumbua wanawake wengi, kwamba watakuwa na vifua na mikono ya kiume. “Wewe shoga, unataka kuwa baunsa?” Jibu ni hapana, na hilo halitatokea kwa bahati mbaya. Homoni ya testosteroni, inayosaidia sana kukuza misuli, kwa wanaume ni zaidi ya mara kumi ya ile ya wanawake. Hata wanaume walioipata kwa wingi huhangaika miaka mingi kupata mwili ule wa kwenye mabango. Mwanamke anayenyanyua mara mbili kwa wiki atapata mapaja imara, mgongo usiolalamika na mifupa inayodumisha uzito wake vizuri zaidi baada ya hedhi kukoma. Mkenya Hellen Wawira alitwaa medali ya shaba ya kunyanyua vyuma kwa wanamichezo wenye ulemavu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, mwaka 2022, akishindana miongoni mwa wanawake wa uzito mwepesi. Ni mwanamke mdogo wa umbo na mkubwa wa nguvu. Mabinti wetu wanahitaji kulijua jina lake.

Anza hivi

Mwanzo wa ngoma ni lele, na mwanzo wa vyuma ni vyepesi. Dambeli ya kuanzia ni ile unayoweza kuinyanyua mara nane hadi kumi na mbili, mbili za mwisho ziwe ngumu, lakini mwili usipinde wala usiyumbe. Kwa wanawake wengi hiyo ni kilo 2 hadi 5 kila mkono. Kwa wanaume wengi ni kilo 5 hadi 10. Ukifika mara kumi na mbili unaimba, ni nyepesi. Ukishindwa kufika nane, ni nzito. Miguu ina nguvu kuliko mikono, kwa hiyo usishangae ukihitaji uzito tofauti kwa kila zoezi.

Asiye na dambeli ana dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita tano likijaa ni kilo tano, na ukilitaka la kilo tatu na nusu unajaza lita tatu na nusu. Hakuna duka la michezo litakalokuuzia mizani rahisi namna hiyo. Hakikisha tu kifuniko kimekaza na mpini haujapasuka. Chupa ya lita moja na nusu ikijazwa mchanga mkavu inapita kilo mbili, nayo inashikika vizuri kiganjani.

Mienendo ya msingi haizidi mitano, na mtu akiijua hiyo ameshika karibu mwili mzima.

Wa kwanza ni kuchuchumaa na kusimama. Nitauelezea kwa kirefu, kwa sababu ndio unaowainua watu mkekani. Weka kigoda au kiti nyuma yako. Shika dambeli moja imesimama wima, viganja vyote viwili vikiwa chini ya kichwa chake cha juu, iegemee kifuani. Miguu ipanue sawa na mabega, vidole vielekee nje kidogo. Vuta pumzi, peleka makalio nyuma na chini taratibu kwa muda wa kuhesabu tatu, mpaka yaguse kiti. Usijitupe, gusa tu. Nyayo nzima ibaki sakafuni, kisigino kisiinuke, na magoti yafuate njia ya vidole bila kuingia ndani. Kisha sukuma sakafu kwa miguu usimame huku ukitoa pumzi. Bibi asiyeweza kufanya hivyo na mzigo, afanye bila mzigo. Asiyeweza bila mzigo, aongeze mto juu ya kiti ili kimo kipande, na kila baada ya wiki kadhaa apunguze.

Wa pili ni kuinama kwa nyonga. Simama na dambeli mbele ya mapaja, magoti yalegee kidogo, sukuma makalio nyuma mpaka vyuma vishuke chini kidogo ya magoti, kisha simama. Mgongo unabaki umenyooka muda wote. Hapa wengi wetu tunahitaji subira, kwa sababu tangu utotoni tumeinama kwa kupinda mgongo tukifagia uwanja kwa fagio la chelewa. Ukilijua zoezi hili, hata ndoo utaitua tofauti.

Wa tatu ni kuvuta: mkono mmoja umeegemea kiti, mwingine unavuta dambeli kutoka chini hadi ubavuni, kiwiko kikipita karibu na mbavu. Wa nne ni kusukuma. Lala chali mkekani usukume dambeli mbili kuelekea darini, au simama uzipandishe kutoka mabegani hadi juu ya kichwa. Asiye na nguvu bado aanze na pushapu za ukutani. Wa tano ni kubeba na kutembea: mzigo kila mkono, kifua wazi, unavuka uwanja na kurudi bila kupinda upande wowote.

Wiki mbili za mwanzo fanya raundi moja au mbili kwa kila zoezi, baadaye tatu. Pumzika dakika moja hadi mbili kati ya raundi. Siku mbili zisizofuatana, tuseme Jumatatu na Alhamisi, zinatosha kabisa. Pasha mwili joto kwanza kwa dakika tano kwa kutembea papo hapo, kuzungusha mabega na kuchuchumaa bila mzigo. Kazi yote haifiki muda wa taarifa ya habari na tamthilia inayofuata.

Mzigo usioongezeka haujengi

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la Marekani aliyeitwa Thomas DeLorme alikuwa akiwatibu askari walioumia magoti katika Hospitali ya Gardiner, Chicago. Desturi ya wakati ule ilikuwa kumpa mgonjwa zoezi jepesi alirudie mara nyingi sana. DeLorme, ambaye ujanani alinyanyua vyuma baada ya kuugua, akafanya kinyume: mzigo mzito, marudio machache, na kila mgonjwa alipopata nguvu mzigo ukaongezwa. Askari walipona haraka kuliko ilivyozoeleka, na mwaka 1945 akachapisha matokeo yake. Zile raundi tatu za mara kumi ambazo kila kocha anazitaja leo zimetokana na kazi yake.

Kwa nyumbani kanuni hiyo ni rahisi. Anza na marudio manane. Kila wiki jaribu kuongeza moja au mawili. Ukifikisha kumi na mbili katika raundi zote bila kuharibu mkao wa mwili, ongeza nusu kilo au kilo moja, rudi kwenye manane, uanze kupanda tena. Andika kwenye daftari tarehe, zoezi, uzito na mara ngapi. Kumbukumbu ya kichwani hudanganya, daftari halidanganyi.

Na ikiwa dambeli ulizonazo ni hizohizo, kuna njia. Teremsha mzigo kwa kuhesabu nne badala ya tatu. Tulia sekunde mbili chini kabla ya kupanda. Tumia mguu mmoja. Ongeza marudio. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walilinganisha vijana walionyanyua mizigo mizito na wengine walionyanyua myepesi kwa wiki kumi na mbili, wote wakifanya mpaka misuli ichoke kabisa. Misuli ilikua sawa katika makundi yote mawili. Mwenye vyuma vyepesi asikate tamaa. Juhudi ndiyo inayohesabiwa.

Tegemea nguvu kupanda haraka wiki za mwanzo na umbo kubaki lilelile. Mishipa ya fahamu hujifunza kuiamuru misuli kabla misuli yenyewe haijanenepa. Wengi huacha hapo, wakiangalia kioo badala ya daftari. Ukiona vyaelea vimeundwa, na mwili unaundwa kwa miezi.

Tahadhari na chakula

Baada ya siku ya kwanza mapaja yatauma, hasa siku ya pili. Hayo ni maumivu ya kawaida ya misuli isiyozoea, huisha ndani ya siku tatu nne, na kutembea huyapunguza. Maumivu makali ya ghafla, au yanayochoma ndani ya goti, bega au uti wa mgongo, ni mengine; hapo acha. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, keti na utafute tiba.

Mwenye presha, kisukari au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza, apime, aulize. Wengi wataruhusiwa na hata kuhimizwa. La muhimu kwao na kwa kila mtu ni pumzi: usiibane unaponyanyua, maana kuibana hupandisha presha ghafla. Toa pumzi wakati wa kazi ngumu, vuta wakati wa kuteremsha. Mjamzito amuulize mkunga wake. Na watoto wasiachiwe vyuma sakafuni. Kidole cha mtoto hakihimili kilo tano.

Misuli hujengwa kwa protini, na hapa maskini hana haja ya kujiona mnyonge. Dagaa, maharage, kunde, choroko, mbaazi, karanga, mayai na maziwa vinatosha. Kosa letu kubwa ni sahani iliyojaa ugali na kijiko kimoja cha mboga. Panga kila mlo uwe na fungu la kweli la moja ya vyakula hivyo. Unga wa madukani kwenye makopo makubwa si lazima kwa anayeanza. Vidonge na sindano za homoni wanazouziana baadhi ya vijana ni hatari kwa moyo, ini na uzazi; anayekuletea hivyo hakutakii mema.

Ombi langu

Waandaaji wa mabonanza na klabu za jogingi, tengeni robo saa baada ya mbio. Mwalimu awafundishe watu kuchuchumaa, kuinama kwa nyonga na kuvuta, hata kwa chupa za maji walizokuja nazo. Wahudumu wa kliniki za presha na kisukari, mkishamaliza kuzungumzia chumvi na sukari, muulizeni mgonjwa anaweza kusimama kitini mara tano kwa sekunde ngapi, na mumwonyeshe la kufanya. Walimu wa michezo, waiteni wasichana kwenye vyuma kama mnavyowaita kwenye netiboli. Waume, mkeo akianza usimcheke. Shika dumu lako usimame kando yake.

Na wewe msomaji, usisubiri Januari, usisubiri mshahara, wala usisubiri kupungua kwanza. Jumatatu jioni tandika mkeka, weka kiti nyuma yako, jaza dumu lita tatu, uchuchumae na kusimama mara nane. Alhamisi rudia. Wiki ijayo fikisha mara tisa au kumi. Kisha mfundishe mama yako, kwa sababu yeye ndiye anayezihitaji nguvu hizo kuliko wote waliomo ndani ya nyumba.